Shule ya kata au shule ya vipaji: ipi inaitendea haki fedha ya serikali?

Mzazi wa Mbagala: Wakuu, tangu 2016 ada ya sekondari imefutwa na serikali inapeleka ruzuku, Sh 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kwa nini tusichukue fedha yote ya shule, mishahara ikiwemo, tukagawa kwa idadi ya waliopata daraja la kwanza mpaka la tatu kidato cha nne? Tutamjua anayechezea kodi yetu. Kibaha na Ilboru, shule za vipaji, wanatoa divisheni wani, kata wanatoa ziro, walimu wako kijiweni na bodaboda zao.

Mwalimu wa Hesabu: Bodaboda? Mkuu, niko kata, hesabu nafundisha peke yangu, mikondo minane. Jana nimesahihisha madaftari kwa tochi ya simu mpaka saa sita usiku. Pikipiki ninayo, ndiyo inayonifikisha shule kilomita kumi na moja, maana nyumba ya mwalimu hakuna. Mafuta natoa mfukoni.

Kijana wa Kahama: Mwalimu, usikasirike, lakini wapo. Wetu alikuwa anamwachia monita notisi aandike ubaoni, yeye huyoo.

Mwalimu wa Hesabu: Huyo mmoja ndiyo tutukanwe wote?

Mama Watatu: Jamani, hoja. Ilboru wanapokea watoto waliochujwa kwenye mtihani wa darasa la saba, wanalala huko huko, wanakula huko huko. Wangu anatembea saa nzima, anaingia kipindi cha kwanza na njaa. Hesabu ya Mzazi inampima mtoto alivyoingia. Shule imemwongezea nini, haisemi.

Mzazi wa Mbagala: Dada, chakula si mlikataa wenyewe kuchangia mkisema elimu bure?

Mama Watatu: Mimi sikukataa! Nilipeleka debe la mahindi na kilo tano za maharage, nikaomba kuona daftari la stoo. Mpaka leo sijalitia machoni. Kama unataka kupima fedha, anzia kwenye daftari hilo.

Kijana wa Kahama: Ndiyo maana NECTA, baraza la mitihani, walikosea 2023 kuacha kutangaza shule kumi bora. Tulikuwa angalau tunaona.

Mama Watatu: Tulikuwa tunaona shule za ada za mamilioni, kaka.

Mzazi wa Mbagala: Sawa, basi tulinganishe kata kwa kata, tuangalie na matokeo waliyoingia nayo. Hapo nimekubali.

Mwalimu wa Hesabu: Neno la bodaboda bado hujalifuta.