Barua ya wazi kwenye mashindano ya wanafunzi: uliyeandika, uliyefundisha au uliyesahihisha, tupeane uzoefu

Mleta mada

Wakuu, salaam. Nimeona mashindano ya wanafunzi ya kuandika barua za wazi yanazidi kupata washiriki, na binafsi nayapenda sana. Kwenye mdahalo kijana hupangiwa upande wa kutetea, lakini hapa anachagua mwenyewe jambo linalomuuma na mtu wa kumweleza. Halafu kuna ugumu wake: barua anaandikiwa mtu mmoja, ila wasomaji ni watu wote. Ukimsahau mwandikiwa unakuwa unahutubia. Ukiwasahau wasomaji wengine, hawaelewi ugomvi umeanzia wapi.

Masharti kila mtu anayasoma kwenye tangazo, kwa hiyo hayo tuyaache. Naomba yaliyokukuta wewe: barua iliyofanikiwa, iliyokwama, na unadhani ni kwa nini.

Mwalimu wa lugha

Asante kwa mada, mkuu. Nafundisha sekondari na nimeshapeleka wanafunzi kwenye mashindano haya mara nyingi. Rasimu za kwanza karibu zote huja zimeandikwa kwa "Jamii", "Serikali" au "Viongozi wa dunia". Sasa hapo nani atafungua bahasha?

Siku hizi mwanafunzi wangu haandiki hata sentensi kabla ya kunijibu swali hili: ni nani mwenye uwezo wa kulibadilisha jambo lako? Kulikuwa na kijana aliyetaka kuandika kuhusu watoto wanaokesha na simu. Alianza na "Wazazi wapendwa". Nikamuuliza, zile arifa zinazolia usiku wa manane zinatumwa na wazazi? Akakaa kimya, kisha akaandika upya kwa wahandisi wa programu ya simu anayoitumia mwenyewe. Aliwaomba kitu kimoja tu: kwa akaunti za watoto, arifa za usiku ziwe zimezimwa tangu mwanzo, na anayezitaka ndiye ahangaike kuziwasha. Lawama za jumla zikatoka zenyewe, maana hazikuwa na pa kukaa.

Ndiyo sababu huwa nawasimulia habari ya Émile Zola, mwandishi wa riwaya wa Kifaransa. Tarehe 13 Januari 1898 gazeti la L'Aurore la Paris lilichapisha barua yake kwenye ukurasa wa kwanza, akimtetea Alfred Dreyfus, ofisa wa jeshi wa Kiyahudi aliyefungwa kwa uhaini ambao hakuutenda. Zola hakuwalalamikia Wafaransa kwa ujumla. Alimwandikia Rais Félix Faure, na maofisa aliowatuhumu akawataja kwa majina. Alishtakiwa kwa kukashifu, akatiwa hatiani, akakimbilia Uingereza. Dreyfus alikuja kusafishwa kabisa mwaka 1906. Wanafunzi wakijua kwamba barua inaweza kumgharimu aliyeiandika, wanaacha kuiona kama insha ya kutafuta alama.

Mshiriki wa zamani

Shikamoo mwalimu. Mimi nilishiriki nikiwa sekondari, sasa niko chuo. Mdogo wangu ni kiziwi, hivyo niliwaandikia watayarishaji wa vipindi vya watoto vya televisheni, nikiwaomba waweke maandishi chini ya picha.

Nilikuwa na takwimu ya Shirika la Afya Duniani: zaidi ya watu milioni 430 duniani wana upotevu wa kusikia unaohitaji huduma. Nilitaka kufungulia hapo, nikiamini namba kubwa hivyo itamaliza ubishi. Mwalimu wangu akaniambia nianze na mdogo wangu anavyocheka sekunde chache baada yetu, kwa sababu anasubiri kuona sisi tumecheka. Ile namba ikahamia aya ya tatu, na huko ndiko ilikopata nguvu. Msomaji alikuwa ameshamjua mtoto mmoja, akiambiwa wako mamilioni anajua ni mamilioni ya nani.

Kilichonisumbua zaidi ni pingamizi la gharama. Nilikuwa nalikwepa. Mwishowe nilimtafuta mtu anayefanya kazi hiyo, akanieleza kwamba kipindi kilichorekodiwa ni rahisi kuwekewa maandishi kuliko cha moja kwa moja. Basi ombi langu likawa waanze na vilivyorekodiwa. Sikushinda, ila jaji mmoja aliandika pembeni ya aya hiyo kwamba hapo ndipo alipoanza kuniamini.

Jaji wa kujitolea

Ndugu mshiriki, hilo la pingamizi ndilo linalotenganisha barua nzuri na barua bora. Ukisoma rundo zima unaona vijana wengi wanamwandikia mtu ambaye tayari anakubaliana nao. Huyo hahitaji kushawishiwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Martin Luther King Jr., mchungaji aliyepigania haki za Weusi Marekani. Barua yake ya tarehe 16 Aprili 1963, kutoka jela ya Birmingham, Alabama, ilikuwa jibu kwa viongozi wanane wa dini, Wazungu, waliotoa tamko kwamba maandamano ya kupinga ubaguzi wa rangi mjini humo hayakuwa ya busara na wakati wake haujafika. Anaanza kwa kuwakubali kama watu wenye nia njema. Halafu anachukua kila pingamizi lao kama walivyolisema wenyewe na kulijibu kwa subira, huku yeye ndiye aliyefungwa. Kijana akiweza hata robo ya subira hiyo, mimi namsoma mpaka mwisho.

Hasira siikatai, mara nyingi ndiyo inayoiendesha barua. Matusi ndiyo yanayofunga mlango, pamoja na alama za mshangao zilizopangwa tatu tatu.

Na hizi barua zinazoandikwa na akili unde, jamani, naomba tuambizane ukweli. Lugha imenyooka, aya zinalingana, lakini hakuna hata kitu kimoja ambacho mtoto huyo peke yake angeweza kukiona. Yule mdogo anayecheka amechelewa, mashine ingempata wapi?

Mzazi wa wawili

Mimi naomba nitofautiane kidogo. Siyo kila mtoto ana kisa cha nyumbani cha kusimulia, na si haki kumlazimisha auanike uchungu wake ndipo apate tuzo. Mwanangu mkubwa ni msiri. Kilichomfaa ni shindano la Umoja wa Posta Duniani, lile la vijana wa miaka 9 hadi 15 ambalo limekuwepo tangu 1971. Si barua ya wazi hasa, lakini kushawishi kumo. Mada ya 2025 iliwataka wajifanye bahari na kumwandikia mtu, wakimweleza kwa nini na kwa namna gani aitunze. Akiwa bahari, aliongea maneno ambayo kwa jina lake asingeyatoa.

Jaji wa kujitolea

Mzazi, nakubaliana nawe. Niliposema kitu alichokiona yeye sikumaanisha uchungu. Hata saa ya maktaba kufungwa inatosha.

Mkutubi

Mmeitaja maktaba, na mimi niko upande wa kupokea. Msichana mmoja alishiriki shindano na barua iliyoandikwa kwa mkuu wa maktaba yetu, na baada ya matokeo akaileta mwenyewe mkononi. Alilalamika kwamba tunafunga saa ileile wanafunzi wanapotoka darasani. Hakutuita wazembe. Alikuwa amekaa nje ya mlango siku kadhaa akihesabu waliokuta pamefungwa, akaambatanisha orodha ya siku na idadi.

Mkuu wetu alimjibu kwa maandishi kwamba watumishi ni wachache, hawezi kuongeza saa. Msichana akarudisha barua ya pili, fupi kuliko ya kwanza: hakuomba saa ziongezwe, aliomba zihamishwe. Tufungue tukichelewa asubuhi, tufunge tukichelewa jioni. Sisi watumishi tulibishana, maana wapo waliozoea kutoka mapema. Kwa sasa tunafanya hivyo siku mbili kwa wiki, kwa majaribio, na kitabu cha mahudhurio kiko mezani kwangu.

Mwalimu wa lugha

Mkutubi, hiyo barua ya pili bado mnayo? Kama mwenyewe ataridhia, na jina lake likafichwa, ningependa wanafunzi wangu waisome sambamba na ile ya kwanza.