Naomba ushauri: mtungi wa gesi ukae wapi kwenye jiko la safari?

Wakuu, natengeneza jiko nyuma ya Land Cruiser. Njia ni Mbeya, Chimala, kupanda zile kona za Hamsini na Saba hadi Matamba, kisha Kitulo, Makete, Njombe, Iringa.

Sanduku ni plaiwudi ya milimita 18, droo mbili. Skrubu za mbao hulegea kwa mtikisiko wa barabara ya vumbi, kwa hiyo naunga kwa bolti na nati zenye plastiki ndani. Dumu la maji la lita 20 liko chini, nyuma ya siti. Uzito huo ukikaa juu, gari linayumba konani.

Kinachonikosesha usingizi ni gesi. Mtungi wa kilo 6, ukivuja ndani, gesi haipandi juu: ni nzito kuliko hewa, inatuama sakafuni ikingoja cheche. Nimewaza kisanduku cha bati chenye mpira mlangoni na tundu la milimita 20 chini, litokee nje mbali na ekzosi. Linatosha? Au nifunge mtungi nje, wima, nikubali vumbi kwenye regyuleta na hatari ya kugongwa nyuma?

Halafu Kitulo, kwenye mita kama 2,600, maji huchemka karibu nyuzi 91, maharage yanakula gesi mno. Sufuria ya presha ya lita 5 itawatosha watu wanne? Na asubuhi za Julai mtungi ukipoa, moto unafifia. Mnaukinga vipi bila kuukaribisha kwenye moto?