Uliyemshonea mwanao kwa mkono wako, tupeane uzoefu: iliishaje?

mama_wawili
Jana napangua sanduku nikakutana na kigauni cha kwanza nilichomshonea binti yangu kwa cherehani ya mama, ile ya kukanyaga. Shingo nilikata ndogo, kichwa kikagoma kupita. Mtoto analia, mimi nalia, mama mkwe anacheka huko uani. Hakukivaa hata siku moja, na kukitupa nashindwa. Ninyi mlishona nini jamani?

fundi_kibarazani
Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa kwa huo mwili wake. Ndiyo maana vigauni vyao tunapasua mgongoni au begani, tunatia vifungo. Na kitenge kipya kifue kwanza kitoe wanga na kipungue, ndipo ukate. Usipofua, ukija kukifua baadaye gauni linakuwa blauzi.

Bibi_Korogwe
Vitenge vya nini kwa kichanga? Khanga kuukuu, iliyofuliwa mpaka ikalainika. Doti moja nilitoa nepi, kipande kilichobaki nikakifanya mbeleko. Siku hizi mnafuma vikofia na glavu mnapiga picha tu.

pwani_yetu
Shikamoo bibi. Umesema kweli tupu 😂

Nuru77
Hilo neno glavu limenirudisha mbali. Wa kwanza wangu alikuwa na wiki tano, anajikwaruza uso, nikamfumia glavu za njano na nyeupe. Kila nilipobadilisha rangi niliacha uzi unaning'inia kwa ndani. Nikasema ni ndani, nani ataona.

Usiku akaanza kulia saa nne. Ziwa hataki. Nikambeba begani acheue, wapi. Mama akasema chango hilo, tukamkanda tumbo. Saa tisa nikaona glavu imelowa mate, nikaivuta nimbadilishie. Haitoki. Nikavuta tena, akapiga ukelele ambao mpaka leo nausikia. Kuwasha taa: kidole cha kati kimevimba, rangi ya zambarau, uzi umezama kwenye nyama hata hauonekani. Nikashika mkasi, mkono unatetemeka, baba yake akaninyang'anya. Bodaboda mpaka zahanati. Nesi alihangaika na ncha ya wembe huku mimi nimegeukia ukutani. Akatuambia tungesubiri kukuche, kidole tungekipoteza. Sasa ana miaka 9, alama ipo kama pete.

mama_wawili
Mwili mzima umenisisimka. Pole mno dada.

pwani_yetu
Na mimi nina pea tatu kabatini. Naenda kuziangalia sasa hivi.

Kijana_wa_Mbeya
Nje ya mada kidogo: cherehani ya kukanyaga iliyotumika inaenda shilingi ngapi Kariakoo?

fundi_kibarazani
Pole Nuru. Ila tuseme ukweli, glavu haina kosa, ni umaliziaji. Uzi unachomekwa kwa sindano ndani ya mfumo, unakatwa.

Salma_mfumaji
Mtu kakueleza machungu yake wewe unamsahihisha mshono? Wanaume bwana, ulishawahi hata kushika sindano?

fundi_kibarazani
Dada, sindano ndiyo inayonilisha mwaka wa 14 huu. Sijamlaumu mtu.

Nuru77
Msigombane. Hajakosea, nyuzi niliziacha mwenyewe.

Salma_mfumaji
Basi yaishe. Mimi glavu nageuza, mshono unakaa nje. Sura mbaya lakini nalala usingizi.

mama_wawili
Mimi nasema msivalishe kabisa. Kata kucha akiwa amelala.

Bibi_Korogwe
Sisi tulizitafuna kwa meno.

Salma_mfumaji
Bibi! Meno tena?

Bibi_Korogwe
Wanne wote wazima. Mmoja ndiye anayenilipia bando.

Dada_Mwanza
Niongeze la doli. Nilishona la soksi, macho vifungo vya shati. Siku moja namkuta mtoto anatafuna, doli limebaki chongo. Nilimwingiza kidole mdomoni nikakitoa kifungo mbio. Tangu hapo macho natarizi kwa uzi.

Kijana_wa_Mbeya
Cherehani jamani…

pwani_yetu
Nimerudi. Pea tatu, nimekata nyuzi kumi na moja. Moja ilikuwa na kitanzi kabisa, ukichomeka kidole kinanasa. Nilizifuma mwenyewe, tena nimeshagawa pea nyingine mbili kwa wifi yangu. Simu yake haipokelewi.