Mjadala: Isimu na fasihi zitenganishwe kwenye vyuo vikuu vya binafsi?

Mtoa hoja
Wanaosomea ualimu wa Kiswahili katika vyuo vikubwa vya binafsi, mfano SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino) ya Mwanza au MKU (Chuo Kikuu cha Mount Kenya) ya Thika, hubeba isimu, yaani taaluma ya lugha yenyewe, na fasihi kwa pamoja. Mimi nasema zitengwe, na sababu yangu ni hesabu. Kwa Tanzania, TCU, tume ya vyuo vikuu, inataka krediti 360 kwa shahada ya miaka 3, na krediti 1 ni saa 10 za kazi, darasani na nje ya darasa. Mwalimu mtarajiwa ana masomo mawili ya kufundishia, kozi za elimu na mazoezi ya kufundisha. Tuseme Kiswahili kinapata theluthi, krediti 120. Igawe nusu kwa nusu: isimu inabaki na 60, yaani kozi 5 za krediti 12. Fonolojia (mfumo wa sauti), mofolojia (maumbo ya maneno), sintaksia (muundo wa sentensi), semantiki (maana), isimujamii (lugha katika jamii), basi. Lahaja ziingie wapi? Uandishi wa kamusi je?

Malenga wa Bara
Hesabu sawa, dawa siyo. Huyo mhitimu akifika kidato cha 5 atakuta Kiswahili 1, lugha, na Kiswahili 2, fasihi. Akivuka Namanga, KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ina karatasi 3: insha, lugha na fasihi. Hakuna mkuu wa shule anayetafuta mwalimu wa karatasi moja.

Na fasihi isiyo na isimu huonekana ilivyopwaya. Mpe mwanafunzi kipande cha Shaaban Robert, "hata likiwa la mbwa", umwambie ahesabu mizani, yaani silabi za mstari. Atakuambia 7, kisha aandike ukurasa mzima kwamba mshairi amekiuka kanuni za tarbia, shairi la mistari minne kila ubeti. Hajakiuka kitu. Ni ha-ta-li-ki-wa-la-m-bwa, 8 kamili, kwa kuwa shina la silabi moja huifanya nazali, sauti ya puani kama hiyo m, isimame peke yake na kubeba mkazo. Mbuzi ni mizani 2, mbu-zi. Mbunge ni 3, m-bu-nge, maana ile m ni kiambishi cha ngeli ya watu kilichotoka kwenye mu-. Herufi zile zile mbu, hesabu tofauti. Nani atamfundisha hayo kama mwalimu wa fonolojia yuko programu nyingine?

Fonimu si Herufi
Malenga, umechagua mifano iliyokubalika. Jaribu daktari. Vitabu vingi vya shule hukata da-k-ta-ri, silabi 4, konsonanti moja ikihesabiwa silabi. Kwenye isimu wengi tunakata dak-ta-ri, dak ikiwa silabi funge, yaani inayoishia na konsonanti, 3. Mwanafunzi anajibu 3 kwa mwalimu wa ushairi anakosa, anajibu 4 kwangu anakosa, mwisho wa muhula ana sapu, mtihani wa marudio, asiyoielewa. Kukaa idara moja hakujawahi kulitibu hili. Kinachotibu ni watunga mitihani kukaa pamoja kabla ya muhula na kuandika kwenye muhtasari wa kozi: hapa tunahesabu mizani ya kimapokeo, pale silabi za kifonolojia, na swali lolote litaje ni ipi. Ni kazi ya asubuhi moja.

Mhasibu wa Idara
Mnajadili kana kwamba ada haipo. Chuo cha binafsi kinaishi kwa ada. Programu mpya ina maana mtaala upya, ithibati ya TCU na wahadhiri wenye sifa kwa kila upande. Mwaka wa kwanza ukumbi umejaa, lakini kozi ya hiari ya mwaka wa 3 ikipata watu 7 utawala unaifuta. Zigawe, hao 7 watakuwa 3.

Njia inayowezekana ni kuendesha kozi za hiari mwaka mmoja na kuacha mwaka mmoja, ukichanganya wanafunzi wa mwaka wa 2 na wa 3. Lahaja mwaka huu, kamusi mwakani. Ila msithubutu kuweka kozi ya lazima kwenye mzunguko huo: aliyefeli akiwa mwaka wa 3 atasubiri miaka 2 kuirudia, na mkopo haumsubiri.

Kinasa Sauti
Naongeza: kozi moja ya ugani, ya kukusanya data nje ya chuo, ihudumie pande zote mbili. Kundi la watu 4 linarekodi ngano moja ya dakika 5, baada ya msimuliaji kutoa ridhaa. Faili iwe WAV, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16. Dakika 1 ya chaneli moja ni kama MB 5, simu ya kawaida inaibeba. Epukeni nyumba ya bati wakati wa mvua, na zimeni feni. Makosa makubwa hutokea baadaye: mtu anatuma rekodi kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, programu inaibana, na kwenye Praat, programu ya kuchanganua sauti, tofauti ya s na sh inafifia. Itumwe kama dokumenti.

Unukuzi, yaani kuandika kilichorekodiwa, msiutengee chini ya nusu saa kwa kila dakika ya sauti. Mwalimu wa isimu atasahihisha unukuzi. Wa fasihi atataka fomula ya mwanzo, na aonyeshwe viambishi vya wakati: -li- inafungua wapi, -ka- inasukuma tukio wapi, na msimuliaji anarukia -na- wapi na kwa nini. Hapo wanaacha ile orodha ya kidato cha 4 ya wahusika, mandhari, muundo, mtindo.

Malenga wa Bara
Tena kumbukeni chuoni Nairobi, 1968. Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipotaka Idara ya Kiingereza ifutwe, walichopendekeza badala yake ni idara ya fasihi na lugha za Kiafrika. Vyote viwili, kwa makusudi.

Mtoa hoja
Mzunguko wa Mhasibu naukubali, na kozi ya ugani pia. Lakini hapo bado mnahamisha krediti zile zile 120. Kinasa Sauti, hiyo kozi yako ya krediti 12 itamega upande upi? Ikimega sintaksia, sikubali.

Kinasa Sauti
Imege 6 kwenye isimujamii na 6 kwenye fasihi simulizi. Zote mbili tayari zinadai kazi ya nje. Zinaifanya mara mbili, vibaya.