Mwanajeshi kambini na bunduki isiyo na risasi: ni uzembe au ni busara? Tujadili

Ndugu zangu, salaam kutoka Mtwara.

Hoja hii imewasha moto kijiweni kwetu Magomeni. Mzee mmoja aliyepitia JKT Nachingwea alisema kwamba katika baadhi ya kambi duniani askari anashinda na bunduki begani, anakwenda nayo mpaka bwaloni, na ndani yake hamna hata risasi moja. Vijana wakamjia juu. Mmoja, kwao ni Kitaya, mpakani na Msumbiji, akamwambia kijiji chao kilivamiwa Oktoba 2020 na watu waliotokea ng'ambo ya Ruvuma, kwa hiyo asimweleze habari za bunduki tupu.

Huyo kijana namwelewa. Hata hivyo katika hili niko na mzee, isipokuwa sehemu moja ambayo nitaieleza.

Tuelewane kwanza. Bunduki kuwa tupu haina maana kwamba askari hana risasi. Mara nyingi magazini, yaani vile visanduku vya risasi, zimejaa na anazo mkandani. Alichokatazwa ni kuipachika magazini kwenye bunduki. Jeshi la Marekani limezipa hali hizi rangi: kijani, bunduki haina magazini, njano, magazini imo lakini chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ni tupu, nyekundu, risasi iko ndani ya chemba. Aliyefundishwa vizuri anatoka kijani kwenda nyekundu kwa sekunde chache tu.

Sasa mbona wamkataze mtu mzima aliyekula kiapo? Kwa sababu kambini watu wanaishi. Wanakula, wanalala, wanacheza mpira, wanagombana kwa mambo ya mapenzi na madeni. Bunduki zinaegeshwa ukutani, zinapandishwa kwenye malori, zinafunguliwa kusafishwa. Mtu katoka doria usiku kucha, macho mazito, anataka chai. Hapo ndipo risasi inapotoka bila kukusudiwa, na chanzo chake huwa kosa dogo la mpangilio. Chukua AK, ambayo wengi hapa nchini tunaiita SMG. Kuiweka salama unatoa magazini kwanza, kisha unavuta koki, ule mkono wa pembeni unaoingiza risasi kwenye chemba, unachungulia chemba, ndipo unafyatua kitupu. Ukivuta koki kabla ya kutoa magazini, unaingiza risasi mwenyewe. Ukija kuchomoa magazini unaamini umemaliza, kumbe moja imebaki ndani inasubiri kidole. Risasi ile inatoboa hema, inatoboa ubao, na inampata aliyelala upande wa pili. Ndiyo maana Iraq na Afghanistan, kwenye mageti ya kambi za Wamarekani, kulikuwa na pipa la mchanga. Anayerudi anaelekeza mtutu mle ndani na kuikagua silaha yake hapo, ili akikosea risasi iishie mchangani.

Basi waziache ghalani kabisa? Hapana. Silaha anayoibeba kutwa askari anaizoea uzito wake, haimpotei, haiibwi, na akiitwa anayo mkononi tayari.

Kuna jambo lingine linalosahaulika, nalo linatuhusu sisi wenyewe. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi letu la wakati ule, waliasi pale kambi ya Colito, Dar es Salaam. Waliteka silaha, wakawaweka chini ya ulinzi maofisa wao. Uasi ukafika Tabora, ukafika mpaka Nachingwea, mkoa wa jirani zetu hapa. Nchi changa ikalazimika kuwaomba Waingereza, na makomando wao wakauzima tarehe 25. Nchi inayokumbuka hayo haiwezi kuona risasi ni kitu cha kugawa tu. Lazima ijulikane nani kapewa, ngapi, kwa kazi gani, na karudisha ngapi.

Wanaopinga wana hoja nzito, sikatai. Fort Hood kule Texas, Novemba 2009, meja wa jeshi aliua watu 13 ndani ya kambi yao wenyewe, na askari waliokuwa pale hawakuwa na silaha. Kelele zikapigwa kwamba kila mwanajeshi aruhusiwe kujilinda, na mwaka 2016 wizara yao ya ulinzi ikawapa makamanda nafasi ya kuwaruhusu baadhi yao. Lakini kumbukeni waliomzuia yule meja: polisi wa kiraia wa kambi ile, watu wenye silaha zilizojaa na wenye kazi hiyo. Ukumbi ule ungekuwa na watu hamsini waliovaa sare moja, kila mmoja anafyatua, hao polisi wangemjuaje muuaji?

Ninapoachana na mzee wangu ni hapa: yeye anataka utaratibu wa bunduki tupu ufike mpaka kwa walinzi wa getini. Hilo nalipinga kwa nguvu zote. Beirut, tarehe 23 Oktoba 1983, walinzi wa kambi ya wanamaji wa Marekani walikuwa lindoni bila magazini kwenye bunduki, kwa amri. Lori lililojaa milipuko likawapita. Hadi walipowahi kupachika, lori lilishaingia ndani ya jengo. Wamarekani 241 wakafa. Sisemi risasi zingelisimamisha lori lile. Nasema mlinzi aliyewekwa mbele ya wenzake waliolala hakustahili kunyimwa hata nafasi ya kujaribu. Sheria ya bwaloni ilipelekwa lindoni, na hilo ni kosa la wakubwa, si la askari.

Kwa hiyo kijana wa Kitaya anadai kitu cha haki: askari wa mpakani, wa doria, wa lindo, awe tayari muda wote. Hapo mimi na yeye hatuna ugomvi.

Ninayegombana naye ni yule anayetaka aliye kwenye foleni ya ugali naye awe na risasi kwenye chemba. Huyo anijibu: siku ikitoka moja bwaloni na kumpata kuruta wa miaka 19, mzazi wake kule Newala ataambiwa mwanawe alikuwa analindwa na nani, dhidi ya adui yupi?

Naomba kuwasilisha.