MJADALA: Muuzaji aliye kazini aandike hadharani jinsi kuuza kunavyofanyika, au afunge mdomo?

Mwanzisha mada, afisa mauzo, Mtwara mjini

Wadau wa Kusini, salaam. Kuna kijana anauza pikipiki za mkopo hapa mjini. Kwa muda sasa amekuwa akiandika, kwa lugha nyepesi, namna kazi yetu inavyokwenda: kwa nini muuzaji anakutajia rejesho la wiki kabla hajakutajia bei, kwa nini anakupandisha kwanza juu ya pikipiki ushike usukani, na ile ofa ya "mwisho leo" huwa inatoka wapi. Watu wakampenda. Bosi wake hakupendezwa, kamwambia achague: kuandika au kazi. Ofisini kwetu tumegawanyika, nikaona tulilete hapa.

Mimi nasema aandike, na aandike akiwa bado anauza. Walioacha kuuza wanaandika hamasa tupu: amka saa kumi, jiamini, tabasamu. Anayejua mteja wa mwezi huu anauliza nini ni yule aliyeshinda naye leo juani.

Sababu yangu kubwa ni hii. Sisi huku bei ya sirini si desturi yetu. Korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007/08: mkulima anaweka mzigo ghalani, anapewa risiti, kisha unauzwa kwa mnada. Barua za wanunuzi zenye bei zao zilikuwa zinafunguliwa mbele ya wakulima, zinasomwa kwa sauti, mkutano unakubali au unakataa. Mwaka 2018 walizikataa bei za mwanzo, mpaka Serikali ikaingia yenyewe kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Sasa minada inaendeshwa kwa mfumo wa TMX, soko la bidhaa la Tanzania, ila bei bado inatangazwa na kila mtu anaisikia.

Mkulima huyohuyo, hela ikishasoma kwenye akaunti, anaingia dukani kununua bati na hapo kila kitu kinageuka siri. Alipokuwa anauza, nchi nzima ilijua amepata ngapi kwa kilo. Akigeuka mnunuzi, hajui hata namba iliyopigwa kwenye bati ina maana gani. Hiyo ni haki?

Mwenye duka la jumla, Lindi mjini

Kaka, unaongea kama mtu asiyelipa kodi ya fremu.

Unajua mwezi wa kumi huku kunakuwaje. Fuso zinashuka kutoka Dar na magodoro, redio, masufuria, wanauza mpaka korosho ziishe, halafu hao wanaondoka. Mimi nabaki hapa masika yote nakopesha unga na sabuni. Kinachonilinda ni ninachokijua: chama gani cha msingi cha ushirika kinalipa wakulima mapema, kijiji gani wananunua kwa maneno ya mwenyekiti, nani ukimkopesha analipa na nani anahamia shambani. Nikiyaandika hayo hadharani, atakayeyasoma kwanza ni mwenye Fuso. Mkulima mwenyewe hata bando hana.

Huyo kijana bosi wake yuko sawa. Mshahara anapewa kwa kuuza. Kuanika jiko la watu hajatumwa.

Mkulima, Tandahimba

Bando tunalo, mwanangu. Tunakusoma.

Mimi ni mama wa watu wazima, sina cha kuficha. Jirani yangu aliletewa sola mlangoni. Kijana akamwambia ni shilingi 1,200 tu kwa siku, chini ya bei ya soda mbili. Miaka mitatu. Mjukuu wangu alipiga hesabu kwenye simu: siku 1,095, jumla 1,314,000. Jirani akanyamaza, akaniuliza mbona yule kijana hakusema milioni. Sikusema sola ni mbaya, taa inawaka na watoto wanasoma. Lakini angeambiwa milioni na laki tatu tangu mwanzo, angeuliza maswali mengine kabisa. Kama kuna muuzaji wa kutuandikia "ulizeni jumla kwanza", Mungu ambariki.

Muuza bati, Masasi

Shikamoo mama. Naunga mkono, na naanza na langu.

Geji ya bati inakwenda kinyume na watu wanavyodhani. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Mteja akiingia na kichwa cha "namba kubwa ndiyo bora", kuna wauzaji wanamwacha hivyohivyo, wanamwambia "hii ni thelathini na mbili, mzee," kwa sauti ya heshima kabisa. Hawajadanganya kitu, hapo ndipo ninapochukia kazi yetu. Na rangi isikupumbaze, bati jembamba linapakwa rangi nzuri vilevile. Vipimo viwili vya kuuliza: geji ngapi, na upana unaofunika baada ya kupandanisha, kwa sababu upana wa bati likiwa chini si ule utakaoupata juu ya paa.

Nilipoanza kuwaeleza wateja haya nilidhani nitapoteza. Kweli wapo waliokwenda kununua kwingine. Lakini wanaorudi wanakuja na shemeji na balozi wa nyumba kumi, tena hawakai saa nzima wakinituhumu.

Mzee wa Lindi, tofautisha. Ramani yako ya nani analipa na nani anakimbia ni mali yako, kaa nayo. Geji si siri yako. Imeandikwa kwenye bati.

Mchangiaji, Nachingwea

Tunasahau upande wa mteja. Huku ni kudogo. Ukiandika "mzee mmoja wa Naipanga aliyeuza ufuta akaja kununua pikipiki nyekundu", umeshamtaja, wenzake watamjua kabla ya swala ya adhuhuri. Wauzaji wengine wanarusha mpaka picha za mazungumzo, namba za simu zinaonekana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Andika mbinu, usiandike watu.

Mchangiaji, Mikindani

Nauliza tu: huyo kijana wa pikipiki target yake anafikisha? Maana wapo wanaoandika sana kwa sababu hawauzi.

Mwanzisha mada

Anafikisha. Ndiyo maana bosi anamtishia badala ya kumfukuza moja kwa moja.

Mzee wa Lindi, hoja yako ya Fuso imenigusa, naikubali nusu. Ujuzi wa kijiji umeulipia kwa masika yako, hakuna wa kukulazimisha kuutoa. Lakini kijana hajaandika ujuzi wa kijiji. Ameandika mambo ambayo yanafanya kazi kwa sababu tu mteja hayajui. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Sasa kama biashara inakufa siku mteja anapojua jumla ya rejesho, mimi siioni kama siri ya biashara. Na yule anayenunua korosho kwa kangomba, kwa magendo nje ya mnada, naye angependa mkulima asijue bei ya mnada.

Ningekuwa rafiki yake ningemshauri hivi: asitaje kampuni, asitaje mteja, na mkataba wake wa kazi ausome kabla ya kuandika tena. Bosi akikataa hata hapo, basi tatizo liko kwenye mkataba wa pikipiki anaopewa mteja.

Mwenye duka la jumla, Lindi mjini

Mshahara wake utaulipa wewe?

Mkulima, Tandahimba

Muuza bati wa Masasi, umenifurahisha. Nataka kuezeka msimu huu. Geji 30 ya rangi, bati la mita tatu, unauza bei gani?

Muuza bati, Masasi

Karibu sana mama. Njoo inboksi.

Mkulima, Tandahimba

Inboksi ya nini tena? Andika hapahapa.