Likizo ya Juni: mashua kutoka Matema hadi Lupingu na watoto, tujipangeje?

MamaUyole
Habari za jioni wadau. Tuko familia mbili hapa Mbeya, watu wazima watano na watoto wanne, mdogo kabisa ana miaka minne. Tumepata mashua ya mbao ya futi 24 yenye tanga na mashine ya HP 15. Tunataka kuanzia Matema, tupitie Ikombe, tufuate ufuko hadi Lupingu, usiku tulale nchi kavu, siku ya tatu tuwe tumerudi. Nahodha tunaye, mzoefu wa bahari ya Tanga. Naomba anayelijua Ziwa Nyasa aniambie kama Juni inafaa, nanga na kamba ziwe za kiasi gani, na mafuta je? Natanguliza shukrani.

Tezi_na_Omo
Karibuni Kyela dada. Juni ni msimu wa mwera, upepo wa kusini unaovuma kuanzia Mei hadi Agosti. Ziwa lina urefu wa karibu kilomita 580 na Matema iko kwenye ncha ya kaskazini, kwa hiyo wimbi linalofika pale limesukumwa na upepo njia nzima. Ni fupi, limesimama, na jingine liko nyuma yake. Mwambieni nahodha wenu mapema: Tanga kuna miamba ya nje inayovunja mawimbi, huku hakuna.

Lupingu iacheni kwa safari hii. Kwenda mtakuwa mnabisha upepo, yaani mnakwenda kinyume nao, siku nzima, na watoto watalowa na kutapika. Kurudi ndiyo hatari zaidi, maana wimbi linasukuma tezi (nyuma ya mashua), mashua inageuka ubavu, na tanga linaweza kuruka upande wa pili na foromali (mti unaobeba tanga) ikampiga mtu kichwani. Halafu Milima ya Livingstone inazama moja kwa moja majini. Sehemu nyingi ukisogea kidogo tu kutoka kwenye mawe, nanga haigusi chini, na fukwe za kukimbilia ni chache.

Fanyeni Matema kituo, mwende Ikombe na kurudi siku hiyo hiyo. Ondokeni alfajiri ziwa likiwa limetulia, na mkiona vichwa vyeupe vya mawimbi upande wa kusini, geuzeni hapo hapo. Msingoje vifike.

Nanga ya kilo 10, mnyororo mita 5, kamba ya milimita 12 isiyopungua mita 60. Kwenye kina cha mita 8 achieni kamba mita 40 hadi 50. Ikiwa fupi nanga inanyanyuliwa na wimbi na kukokotwa.

Kutua Matema kukiwa na wimbi: shusheni tanga mkiwa bado nje, tupeni nanga ya tezi kabla ya mahali mawimbi yanapovunjika, kisha omo (mbele ya mashua) iingie taratibu huku mtu mmoja anaachia kamba ikiwa imekaza. Kamba ikilegea tu, mashua inalala ubavu na kujaa maji. Watoto washushwe kwa omo, wakiwa bado na majaketi ya kujiokolea.

Fundi wa Ipinda
Naongezea ya mashine. HP 15 ikikazwa mwisho inakula lita 6 hadi 7 kwa saa. Gawa mafuta mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la akiba lisiloguswa. Kama ni ya kuchanganya oili, wengi wanatumia lita 1 kwa petroli lita 50, ila fuata kitabu cha mashine yako. Mkisogea mchangani inueni mashine mapema. Ikivuta mchanga, mrija wa maji ya kupoza unaziba. Yale maji membamba yanayotoka pembeni yakikatika, zima papo hapo. Bebeni plagi mbili, spana yake, pini ya pangaboi na ndoo mbili za kufulia maji ya ngama, yanayokusanyika chini ndani ya mashua.

Nesi Kyela
Watoto wa Uyole wamezoea baridi, malaria ya huku chini haijawazoesha miili. Vyandarua kila usiku, na homa yoyote mkisharudi wapimwe siku hiyo hiyo.

Kichocho kipo ziwani, hata penye mchanga msafi. Waliooga waende hospitali wiki 6 hadi 8 baadaye kwa dawa ya praziquantel, ambayo hupimwa kwa uzito, kwa kawaida miligramu 40 kwa kilo. Ukiimeza wiki ya kwanza, minyoo bado michanga na haifi. Midomo ya mito kama Lufilyo na Mbaka msiisogelee kabisa, kuna mamba na viboko.

MamaUyole
Asanteni sana, Lupingu tumeifuta. Na mwera ukikaza siku mbili mfululizo?

Tezi_na_Omo
Mashua ivutwe juu mchangani, mbaki nchi kavu. Ikiwa Jumamosi, tembeeni hadi Lyulilo kwenye soko la vyungu vya Wakisi, watoto watafurahi. Kabla ya kulipia mashua ombeni kuona cheti cha TASAC (shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini) na idadi ya abiria iliyoandikwa. Nyie ni tisa na nahodha wa kumi. Majaketi ya watoto yachaguliwe kwa kilo zao, yawe na mkanda wa kupita kati ya miguu, vinginevyo mtoto akianguka majini jaketi linapanda usoni naye anachomoka chini.